Jehanamu ni ya Nani? Imani ya Kikatoliki na Uhakiki wa Wahusika

Utangulizi

Suala la jehanamu hujitokeza katika somo la fasihi mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mhusika mmoja humlaani mwenzake kwa moto wa milele. Padri katika riwaya huhubiri juu ya hukumu. Mzazi humtishia bintiye. Mlevi aliye kufani hutetemeka. Mtahiniwa anapofika hapo huandika upesi kwamba “mwandishi anaonyesha umuhimu wa dini”, au kwamba “mhusika huyu ataingia motoni kwa sababu ya dhambi zake”, kisha huruka hadi hoja nyingine. Jibu la kwanza halisemi lolote. La pili linamkalisha mtahiniwa katika kiti cha hakimu ambacho hakupewa na mwandishi, na ambacho hata Kanisa lenyewe halikikalii.

Makala haya yananuia kueleza Kanisa Katoliki linafundisha nini hasa kuhusu jehanamu, na jinsi mafundisho hayo yanavyoweza kumfaa mhakiki. Mandhari tuliyoyachagua ni Usenge, mji wa wavuvi katika eneo la Yimbo, Kaunti ya Siaya, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Matini tuliyoichagua ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1971. Uteuzi huu una sababu. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma katika seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi karibu na Mwanza, na akafariki mwaka 2020. Ukerewe na Usenge zimo katika ziwa moja. Moja iko upande wa kusini, Tanzania, nyingine upande wa kaskazini-mashariki, Kenya. Mwanafunzi wa Usenge anayeisoma riwaya hii huzikuta nyavu, mitumbwi, rozari na misa, mambo anayoyajua kwao nyumbani.

Hoja yetu ni moja. Katika mafundisho ya Kikatoliki, jehanamu ni onyo ambalo muumini hujielekezea mwenyewe kwanza. Si hukumu ya kumtolea jirani. Mhusika anayeigeuza kuwa hukumu juu ya mwenzake ameshatoka katika mafundisho na kuingia katika mamlaka, hasira au hofu yake mwenyewe. Hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza.

Maneno manne yasiyopaswa kuchanganywa

Kabla ya kuhakiki wazo, tulipime neno. Kiswahili kina maneno manne ambayo wanafunzi huyatumia kana kwamba ni neno moja.

(a) Kuzimu. Neno hili ni la Kibantu, na lina mzizi mmoja na mzimu. Ni makao ya wafu kwa jumla, wema kwa wabaya. Kwa asili halina moto wala mateso. Wafasiri wa Biblia walilitumia kwa makao ya wafu yanayotajwa katika maandiko ya Kiebrania na ya Kigiriki. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume, Mkatoliki hukiri kwamba Yesu alishuka kuzimu. Maana yake ni kwamba aliwafikia waliokufa. Si kwamba aliteswa motoni. Mwanafunzi asiyeijua tofauti hii hupotoka mapema.

(b) Ahera. Ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya maisha ya baada ya kifo. Linaweza kuwa la raha au la adhabu. Mhusika akisema “tutaonana ahera”, hajamhukumu yeyote.

(c) Jehanamu. Asili ya jina hili ni bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu ya kale, mahali ambapo, kwa mujibu wa Biblia, watoto waliteketezwa kama kafara kwa Moleki, na nabii Yeremia akapalaani. Jina la bonde likawa jina la adhabu. Kiswahili kililipata neno hili kupitia Kiarabu na Uislamu, karne nyingi kabla ya wamisionari wa Kikristo wa karne ya 19. Wakristo walilikuta tayari liko katika lugha, wakalichukua. Kwa hivyo Mkatoliki wa Usenge na Mwislamu wa Lamu hutumia neno moja, ingawa mafundisho yao hayalingani kwa kila jambo.

(d) Toharani. Neno hili lina mzizi mmoja na twahara na tohara, yaani kutakasika. Katika Ukatoliki ni hali ya kutakaswa kwa wale waliokufa katika urafiki na Mungu lakini hawajawa safi kabisa. Walio toharani wamekwisha kuokoka. Wanangoja tu kuingia mbinguni. Ndiyo maana Wakatoliki huwaombea marehemu misa. Kusema kwamba toharani ni “jehanamu ndogo” ni kosa ambalo mtahiniwa aliepuke.

Mambo ambayo Kanisa linayafundisha

Mafundisho rasmi yamekusanywa katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992. Kwa muhtasari ni haya.

Kwanza, jehanamu ipo, na haina mwisho. Mtaguso wa Nne wa Laterani wa mwaka 1215 ulisema hivyo, na Papa Benedikto wa 12 akarudia mwaka 1336. Mhakiki asidhani kwamba Kanisa la leo limeifuta imani hii. Halijaifuta.

Pili, adhabu kuu ya jehanamu ni kutengwa na Mungu milele. Moto umetajwa katika Maandiko na katika mapokeo, lakini kiini cha adhabu ni utengano huo. Katika hotuba yake ya tarehe 28 Julai 1999, Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza kwamba jehanamu ni hali ya anayejitenga na Mungu kwa hiari na moja kwa moja, zaidi ya kuwa mahali.

Tatu, Mungu hamwandikii mtu jehanamu tangu awali. Anayefika huko amejipeleka kwa kukataa mapendo ya Mungu hadi mwisho. Kwa maneno mengine, mlango umefungwa na aliye ndani.

Nne, si kila kosa linalomtenga mtu na Mungu. Ili dhambi iwe ya mauti, masharti matatu lazima yatimie kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtendaji awe anajua vyema kwamba ni zito, na akubali kulitenda kwa hiari yake kamili. Hofu, shuruti, ugonjwa wa akili au ujinga usio wa kujitakia vinaweza kuupunguza uzito wa hatia. Mtahiniwa ayakariri masharti haya matatu. Ni kipimo kizuri cha kumchambulia mhusika, kwani yanatulazimisha tuuchunguze moyo wake na mazingira yake, tusiishie kwenye tendo tu.

Tano, mlango wa toba uko wazi hadi pumzi ya mwisho. Fikiria mvuvi wa omena ambaye mtumbwi wake umepinduliwa na dhoruba usiku, mbali na ufuo. Hakuna padri, hakuna kitubio, hakuna mpako wa wagonjwa. Je, amepotea? Kanisa linafundisha kwamba majuto kamili, yaani majuto yatokanayo na kumpenda Mungu, pamoja na nia ya kuungama mara mtu atakapoweza, huondoa hata dhambi za mauti. Yaliyopita kati ya mvuvi huyo na Muumba wake katika dakika zile hakuna aliyeyashuhudia. Kwa hivyo hakuna awezaye kuyatolea hukumu.

Mambo ambayo Kanisa haliyafundishi

Hapa ndipo wengi wetu, walimu tukiwemo, tunapochanganyikiwa.

Kanisa halina orodha ya waliomo jehanamu. Lina orodha ya watakatifu, maana humtangaza mtu kwamba yu mbinguni baada ya uchunguzi mrefu. Halina utaratibu wowote wa kumtangaza mtu kwamba yu motoni, na halijawahi kutamka hivyo rasmi juu ya binadamu yeyote kwa jina, hata Yuda Iskariote. Wanateolojia wamebishana kuhusu wingi wa wanaopotea. Mtakatifu Augustino (354–430) aliamini kwamba ni wengi. Katika karne ya 20, Mswisi Hans Urs von Balthasar alishikilia kwamba Mkristo anaruhusiwa kutumaini wokovu wa wote. Katika mabishano hayo Kanisa limesimamia jambo moja: hatari ni ya kweli, lakini majina hatukupewa.

Kanisa halifundishi kwamba kila aliyejiua amelaaniwa. Ni kweli kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimnyima maziko ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kukusudia, isipokuwa kama alionyesha dalili za majuto. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikumweka tena katika orodha ya wanaonyimwa. Katekisimu ya 1992 inasema wazi kwamba kujiua ni kosa zito, lakini papo hapo inaeleza kwamba misukosuko mikubwa ya nafsi, uchungu au hofu hupunguza hatia, na kwamba tusiukatie tamaa wokovu wa watu hao. Kanisa huwaombea.

Aidha, Kanisa halijachora ramani ya jehanamu. Ramani maarufu kuliko zote ni kazi ya fasihi: utenzi mkuu wa Mwitaliano Dante Alighieri, aliyefariki mwaka 1321. Dante aliigawa jehanamu katika duara tisa. Waliojiua aliwageuza kuwa miti. Chini kabisa hakuweka moto, bali ziwa la barafu ambamo Shetani amegandishwa. Aliwaweka humo hata mapapa. Hakuna anayelazimika kuyaamini hayo. Ni jazanda za msanii mwenye ghadhabu na siasa za mji wake. Vivyo hivyo maono ya jehanamu ambayo watoto watatu wachungaji wa Fatima, Ureno, walisema waliyaona mwezi Julai 1917 ni ufunuo wa binafsi. Kanisa limeruhusu uheshimiwe, na Wakatoliki wengi huisali sala iliyotokana nao mwishoni mwa kila kumi la rozari. Hata hivyo, ufunuo wa binafsi si sehemu ya hazina ya imani inayomlazimu kila muumini.

Usenge: hesabu mbili juu ya mtu mmoja

Sasa tuje ufuoni. Usenge iko karibu na Got Ramogi, kilima ambacho mapokeo ya Wajaluo hukitaja kuwa makao ya mwanzo ya Ramogi na watu wake walipoingia nchi ambayo leo ni Kenya. Wakatoliki wa hapa wako chini ya Jimbo Kuu la Kisumu. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903, miaka miwili baada ya reli kufika ziwani. Walikuja na katekisimu ya maswali na majibu ya kukariri, na ndani yake mbingu, toharani na jehanamu.

Je, waliikuta imani gani? Wajaluo walimjua Nyasaye, Muumba. Waliwajua wafu waliobaki karibu na boma, na wakamwogopa jachien, mzuka wa marehemu anayerudi kusumbua. Neno ambalo baadaye Wakristo walilichukua kumwitia pepo mwovu. Lakini hawakuwa na shimo la moto la kuwangoja waovu baada ya kifo. Adhabu ya kuvunja mwiko ilikuwa hapa hapa duniani, nayo iliitwa chira: mtu hukonda na kudhoofika, na balaa huweza kuwapata hata watoto wake.

Mhakiki azingatie tofauti hii kwa makini. Chira ni ya ukoo. Hufuata damu, na tiba yake ni kafara na dawa ya manyasi inayowahusisha jamaa. Jehanamu ni ya mtu mmoja, kwa hiari yake, milele. Mafundisho mapya hayakuyafuta ya zamani, bali yalikaa juu yake. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1980, UKIMWI ulipozikumba familia nyingi za kandokando ya ziwa, kitanda kimoja cha mgonjwa kilizungukwa na hesabu mbili. Wengine walisema ni chira. Wengine walisema ni adhabu ya Mungu, na kwamba moto ulikuwa unamngoja. Mwanamke aliyeingia katika jaboya, yaani biashara ya kutoa mwili ili auziwe samaki, alihukumiwa mara mbili, huku mvuvi aliyemwekea sharti hilo akiendelea kupanga bei ufuoni.

Hali kadhalika kuna suala la ndoa. Mjane aliyerithiwa kwa desturi ya tero, au mke wa pili, mara nyingi hawezi kupokea Ekaristi. Jirani huona amekaa benchini wenzake wakipanga foleni ya kukomunika, akahitimisha kwamba amelaaniwa. Hitimisho hilo si la Kanisa. Kuzuiwa sakramenti ni utaratibu kwa walio hai, wenye lengo la kumrejesha mtu. Si tangazo la hatima yake.

Wapo wengine ziwani waliochukua njia tofauti. Mnamo 1963 Legio Maria ilijitenga na Kanisa Katoliki katika eneo la Nyanza, ikiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Ilibaki na rozari, Kilatini na kanzu, lakini ilitilia mkazo mkubwa kutoa pepo na kupambana na uchawi. Mwalimu asiichanganye Legio Maria na chama cha kitume cha Kikatoliki kiitwacho Lejio ya Maria, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921. Darasa moja la Usenge linaweza kuwa na wafuasi wa yote mawili, pamoja na Waanglikana na Waadventista, nao Waadventista hawaamini mateso yasiyo na mwisho. Ukisema “Wakristo wanaamini”, tayari umekosea.

Mandhari nayo huunda taswira. Kitabu cha Ufunuo hutaja ziwa la moto. Kwa msomaji wa jangwani, ziwa ni ajabu. Kwa mtoto wa Usenge, ziwa ni Nam Lolwe: chakula, karo ya shule, na kaburi la baadhi ya jamaa zake. Usiku huziona taa za wavuvi wa omena zikimetameta juu ya maji kama mji. Mwalimu anayefundisha taswira ana mfano bora mbele yake: picha ile ile inaweza kuwa tishio kwa msomaji mmoja na riziki kwa mwingine.

Rosa Mistika mbele ya kipimo hiki

Jina la riwaya limetoka katika Litania ya Loreto, ambamo Bikira Maria huitwa waridi la fumbo. Kinaya kinaanzia hapo. Msichana aliyebeba jina la usafi wa Mama wa Mungu analelewa na Zakaria, baba mlevi na mkali mno, ambaye humwadhibu vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Malezi hayo yanamnyima Rosa nafasi ya kujifunza kuishi na wanaume kama binadamu wenzake. Anapopata uhuru katika masomo ya juu anatumbukia. Wanaume wanamtumia, anatoa mimba. Mwishowe mchumba wake anamkataa kwa kuwa hakumkuta bikira, naye Rosa anajiua. Riwaya hii ilipotoka ilipigwa marufuku shuleni kwa madai kwamba inapotosha vijana, ingawa baadaye ilikuja kusomwa na kuhakikiwa sana.

Mtahiniwa wa juujuu huandika: “Rosa alizini, akatoa mimba, akajiua, kwa hivyo alikwenda jehanamu.” Tumpime kwa masharti matatu. Je, mambo aliyoyatenda ni mazito? Ndiyo, katika macho ya Kanisa. Je, alijua? Kwa kiasi fulani. Je, alikubali kwa hiari kamili? Hapa riwaya nzima inasimama kama shahidi. Hofu aliyoingiziwa na babaye, ujanja wa wanaume waliomzidi umri na cheo, na aibu ya kukataliwa, vyote vimeusonga uhuru wake. Kezilahabi hakuandika kurasa zote hizo ili kutuambia kwamba Rosa hana kosa. Aliziandika ili kutuonyesha jinsi kosa lilivyotengenezwa, na ni mikono ya nani iliyolitengeneza.

Mwishoni mwandishi anafanya jambo la ujasiri. Hawaachi wahusika wake kaburini. Anawapeleka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Mwalimu, sitisha usomaji hapo na uwaulize wanafunzi: nani amekaa katika kiti cha hakimu? Si mchumba, si wanakijiji, si msimulizi, wala si msomaji. Aliyekuwa mtoaji hukumu nyumbani, yaani baba mwenye fimbo, sasa anajibu mashtaka. Kwa mbinu hii mwandishi amelihamisha swali. Halisemi tena “Rosa alitenda nini?” Linauliza “Nani walishiriki katika kuanguka kwake?” Kumbuka kwamba mwaka 1971 sheria ya 1917 ilikuwa bado inatumika. Mwandishi alimpa Rosa nafasi ya kujitetea mbele ya Mungu wakati ambapo mtu wa namna yake aliweza kunyimwa hata maziko ya Kanisa.

Maswali matatu ya mhakiki

Unapokutana na jehanamu katika matini yoyote, jiulize mambo matatu.

(i) Nani anasema? Padri, mzazi, mwanasiasa, mgonjwa au msimulizi? Kauli ya mhusika si mafundisho ya Kanisa, wala si msimamo wa mwandishi mpaka uthibitishe.

(ii) Anamwambia nani? Anayejionya mwenyewe yuko katika toba. Anayemwelekezea kidole aliye mnyonge yuko katika mamlaka. Linganisha na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19 uliotungwa baada ya Pate kuporomoka. Huo ni wa Kiislamu, nao unaishia kwa vitisho vya moto wa ahera. Lakini mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Ndiyo maana utenzi huo unatisha pasipo kudhalilisha mtu.

(iii) Kwa faida ya nani? Tishio likimwezesha mtishaji kulinda heshima yake, mali yake au ukimya wa anayedhulumiwa, umepata kinaya au tashtiti. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, wanaopelekwa kwenye moto wa milele ni wale waliomnyima mwenye njaa chakula na mgeni makao. Mara nyingi mhusika anayetisha wengine kwa jehanamu ndiye aliye katika hatari hiyo, na mwandishi hodari hutuachia tuione wenyewe.

Mfano wa swali na muundo wa jibu

Swali: “Anayehukumu ndiye anayehukumiwa.” Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya ya Rosa Mistika. (alama 20)

Mtahiniwa aanze kwa kuifafanua kauli: ni kinaya kinachogeuza nafasi ya hakimu na mshtakiwa. Kisha ajenge hoja kwa mifano: ukali wa Zakaria licha ya ulevi wake, wanaume wanaomtumia Rosa kisha kumdharau, mchumba anayepima thamani ya mtu kwa ubikira pekee, jamii inayomlaumu msichana na kumsahau mwanamume, na mwisho, kuonekana kwa baba na binti mbele ya Mungu. Kila hoja itajwe, ifafanuliwe na ioneshwe katika matini. Asiandike mahali popote kwamba Rosa yu motoni au yu mbinguni. Aandike jinsi mwandishi anavyolishughulikia swali hilo.

Tahadhari kwa mwalimu

Suala hili si la karatasi ya mtihani pekee. Katika darasa lolote anaweza kuwepo mwanafunzi aliyempoteza jamaa kwa kujiua. Katika desturi za Wajaluo mti aliojinyongea mtu ulikatwa na kuchomwa moto, na marehemu hakuzikwa kwa heshima za kawaida. Sheria ya nchi nayo iliongeza aibu: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Mtoto huyo ameshasikia ya mila na ya serikali. Asisikie kutoka kwa mwalimu wa Kiswahili, kwa jina la Kanisa, jambo ambalo Kanisa lenyewe halisemi. Na ukiona mwanafunzi amenyamaza kupita kiasi wakati wa kipindi hicho, mtafute baadaye, kando, kama mzazi, na umfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuzimu, ahera, jehanamu na toharani ni maneno tofauti yenye historia tofauti. Kwamba Kanisa Katoliki linafundisha jehanamu ya kweli na ya milele, lakini halimtaji mkazi wake hata mmoja. Na kwamba huko Usenge imani hii ilikaa juu ya imani ya chira, hata mtu mmoja akahukumiwa kwa mizani miwili. Mhakiki mwangalifu haamui nani amepotea. Huonyesha nani anatamka hukumu, kwa sauti gani, na mwandishi amemweka wapi anayeitamka.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kuzimu, jehanamu na toharani. Toa mfano wa sentensi ambamo kubadilisha neno moja kwa jingine kunapotosha maana.

2. Linganisha chira na jehanamu kama njia mbili za kueleza adhabu. Kila moja inamfaa mwandishi wa fasihi kwa namna gani?

3. Chagua mhusika yeyote katika tamthilia au riwaya uliyoisoma anayewatisha wengine kwa adhabu ya Mungu. Tumia maswali matatu ya mhakiki kumchambua.

4. “Rosa ni mkosaji, lakini si peke yake.” Jadili.